Kwenda Bangboka kwa Vitesi ya Pili

Nilijifunza kuendesha gari nikiwa tayari bibi wa wajukuu wawili, na tangu hapo najiona dereva hodari. Mume wangu ana maoni mengine. Husema gari letu lina vitesi, yaani gia, tano, na mbili za mwisho bado mpya kabisa, kama zilivyotoka kiwandani. Lakini Kisangani nizitumie wapi? Hapa shimo, pale pikipiki zimeziba njia, na mbele toleka, baiskeli yetu ya abiria, imebeba mtu na godoro lake.

Jumapili moja nikaazimia kumwonyesha mtu mwendo. Mama mkubwa, dada ya mama yangu, alikuwa amekuja kutoka Banalia juu ya lori, akitaka kumpokea binti yake uwanja wa ndege, Bangboka. Nilimfuata ng'ambo ya mto Tshopo, miwani ya jua usoni.

"Mushike muzuri, mama mukubwa," nilimwambia. "Leo mutaona mwendo!"

Tulipofika darajani tukasimama. Lori la mbao lilikuwa limeharibika katikati. Nikapiga honi, nikapiga tena.

"Unaitia nani?" mama mkubwa akauliza. "Camion imekufa. Haisikie."

Akashusha kioo, akanunua mahindi ya kuchoma, akaanza kusalimia wapita njia. Toleka moja ilitupita na abiria. Baadaye ikarudi tupu. Ilipotupita tena na abiria mwingine, mwendeshaji akainama dirishani: "Ah, mama! Mungali hapa?" Mama mkubwa alicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. Mimi nilitazama mbele kama mtu mwenye shughuli.

Hatimaye lori likasukumwa, tukavuka, tukaingia barabara ya Bangboka. Kibao kilisema arobaini. Niliingiza vitesi ya tatu, na papo hapo polisi wa barabarani akanyoosha mkono. Niliogopa, ndiyo, lakini nakiri nilijisikia fahari pia. Nimekamatwa kwa mwendo!

"Chef, nimepita arobaini?" nikamuuliza polisi kwa sauti ndogo.

Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu. "Arobaini? Mama, angalia nyuma. Batu banakosa ndege juu yako. Simama kwanza pembeni, bapite."

Watu hao wote walipita. Gari baada ya gari, na mwisho lile lori la mbao, lililofufuka. Nilizima injini na kuvua miwani.

"Usihuzunike," mama mkubwa akasema, akinikatia nusu ya hindi. "Ile camion ya Banalia ilikimbia sana, nilifumba macho njia yote. Leo nimeona mto, nimeona batu, nimekula. Twende vile vile."

Tukaenda vile vile, kwa vitesi ya pili, vioo vimeshushwa, yeye akinihadithia vituko vya ujana wa mama yangu ambavyo sikuwahi kuvisikia. Mara kadhaa nilitamani Bangboka isogee mbali kidogo.

Binti yake tulimkuta ameketi juu ya sanduku lake, amekasirika.

"Mulitoka Banalia kwa miguu?" akauliza.

Mama yake alimwelekeza kiti cha nyuma, yeye akarudi mbele kando yangu, akafunga mlango kwa heshima zote.

"Kurudi, tupite kando ya fleuve, ule muto mukubwa," akaagiza. "Na usikimbie."

Nilitii. Agizo hilo lilinifaa sana.