Siku Mbili za Bega la Mama Enosi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati la shule, maana ndilo pekee lenye kola. Nyie wa kidato cha kwanza kaeni vizuri, anayewaandikia ni mstaafu. Nilitumikia wiki tatu nzima za likizo katika ofisi ya shangazi yangu, msaidizi wa kisheria hapa Kasulu, nikiwa mkalimani wa Kiha. Cheo hicho nilijipa mwenyewe. Shangazi aliniita "wewe".

Mteja wetu alikuwa Mama Enosi, mkulima wa Titye. Tangu achanjwe, mkono wake wa kulia haukupanda tena kupita kifua, na jembe alikuwa ameliweka chini. Alidai fidia ya madhara ya chanjo. Nikamsalimu "Mwakeye", nikamuuliza hali, akajibu hajambo, amani tupu. Kwenye fomu, pale penye "hali ya mdai", nikaandika: njema.

Shangazi akasoma, akavua miwani.

"Mwenye hali njema amekuja kudai nini hapa, wewe? Chai?"

"Ndivyo alivyosema, shangazi."

"Muha hamwagi shida mlangoni. Kwanza anakuitikia uzima, mnaulizana watoto, mbuzi, mvua. Yake huja mwisho. Wewe Muha gani?"

"Muha wa mjini."

Hakucheka. Nikarudishwa kwenye benchi kuuliza upya, na mbuzi wakiwemo.

Neno kubwa la kazi ile lilikuwa chanzo. Haitoshi kusema uliumwa baada ya sindano. "Juzi ulikula dagaa, jana ukafeli hesabu," shangazi alinifundisha. "Dagaa ndio waliokufelisha?" Nikasema inawezekana. Akaniambia nithibitishe.

Dawa yenyewe hatukuilaumu. Tulidai kwamba sindano ilichomwa juu mno, ikafika kwenye kiungo cha bega. Ni jambo la nadra, ila madaktari wanalijua. Lakini maumivu ya namna hiyo huanza mapema, ndani ya siku mbili hivi. Yakichelewa, mshukiwa ni jembe.

Wiki ya tatu tukapanda hadi Kibondo, mbele ya jopo la kuamua madai ya fidia. Mwenyekiti alikuwa daktari, mtu wa Tanga, mpole. Akafungua daftari la zahanati. Siku ya pili baada ya kuchanjwa Mama Enosi alirudi pale, na mhudumu akaandika mstari mmoja: anaendelea vizuri, hana malalamiko.

"Mama," Mwenyekiti akasema, "siku ya pili ulikuwa mzima."

Nikatafsiri. Mama Enosi akanitazama mimi, si yeye.

"Nilikwenda kuwaambia bega linaniuma. Wakanisalimu, nikaitikia. Wakamwita mwingine."

Nikalitafsiri jibu hilo. Mstari ule niliufahamu. Niliwahi kuuandika mimi.

Mkalimani haruhusiwi kuwa na lake la kusema. Nikanyoosha kidole kama darasani. "Mheshimiwa, naomba umuulize hali yake sasa hivi."

Akamuuliza. Mama Enosi akainama, akapiga makofi ya heshima, mkono wa kushoto ukiufuata wa kulia uliolala pajani. Hajambo kabisa, akajibu. Amani.

Nikatafsiri neno kwa neno. Kisha Mwenyekiti: "Hii inaonyesha daftari linaweza kukosea. Haionyeshi bega lilianza kuuma lini."

Shangazi akamgeukia Mama Enosi. "Jioni ya sindano, nani alisonga ugali nyumbani kwako?"

"Wifi yangu. Mwiko ulinishinda."

Wifi mwenyewe alikuwa nje, kakaa na kikapu cha chakula chetu. Wiki tatu hatukumuuliza neno. Tulimwona msindikizaji tu. Wakamhoji peke yake. Akasema alisonga jioni ile, na asubuhi yake akamfunga wifi yake mkono kwa kitenge.

Barua ya shangazi yenye uamuzi wa jopo ilifika shule ikiwa imeshafunguliwa na walimu: uwezekano mkubwa zaidi ni kwamba sindano ndiyo chanzo. Dai limekubaliwa.

Nikiwa mstaafu, nimebaki na utani wangu wote, ila fomu sizijazi haraka tena. Juzi sokoni nilikutana na Mama Enosi. Mwakeye? Hajambo, amani tupu. Nikatua begi. Tukaulizana watoto, mbuzi, mvua. Nikangoja.

"Bega, mwanangu," akasema, "bado halipandi."