Keki ya Kanta Isiyo na Yai

Ngendo wa Gatongora ameoka keki miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna keki aliyoianza bila kuvunja yai. Ukimwamsha usingizini atavunja sita kabla hajafungua macho vizuri. Kwa hivyo Sheetal, mwenye duka la vitambaa Thika, alipompigia simu akitaka keki ya mama mkwe wake bila yai hata moja, Ngendo alijibu "hakuna shida" kwa sauti ya mtu anayejua. Kisha akakata simu, akakaa kitini, hajui lolote.

"Mami anatimiza themanini," Sheetal alikuwa amesema. "Tangu azaliwe hajala yai. Keki za nje hagusi kabisa. Lakini nimemwambia wewe nakuamini."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomnyima raha. Akavua aproni, akatoka kwenda kuonja keki za watu zisizo na yai.

Alianza Kamakis, kwenye mkahawa mpya wenye viti vya kamba na maua ya plastiki ukutani. Mpishi wa hapo, dada anayeitwa Tabby, alimnong'oneza kwamba siri ni ndizi mbivu. Ngendo akala kipande, akakipenda, akaandika ndizi. Ruiru mjini akaambiwa ndizi ni ushamba, siku hizi watu wanatia soda, ile ya chupa. Akala, akapenda pia. Akaandika soda chini ya ndizi, akabaki akiitazama karatasi kama mgonjwa aliyeandikiwa dawa mbili na madaktari wasiosalimiana.

Thika ndiko alikochanganyikiwa kabisa. Bekari ya Shafiq, nyuma ya soko, huuza keki zisizo na mayai kila siku, na Shafiq mwenyewe hana uchoyo.

"Maziwa lala na siki kidogo, basi," alisema mbele ya wateja wote, akiitupia jicho karatasi yake. "Soda ni ya kunywa, dada."

Milango michache mbele, mzee Gachau, aliyeoka mikate tangu ujana wake, alimcheka mpaka akaegemea meza. "Keki bila yai? Huo ni mkate, maitũ, mama yangu! Mwambie huyo mama akule mkate."

Siku hiyo Ngendo alikula vipande saba. Alirudi nyumbani tumbo limejaa na kichwa kitupu. Hii ilikuwa imepanda, ile ilikuwa laini, nyingine ilinukia, na ulimi wake ukakataa kutoa hukumu. Aliogopa, si mchezo. Mwisho akafuata ya Shafiq kwa sababu moja tu: huyo hakunong'ona.

Akasugua oveni, bakuli na miiko kwa maji moto. Mayai yote akayapeleka kwa jirani yake Wamboi yakae huko mpaka shughuli iishe. Keki mbili zikazama katikati, ya tatu ikapanda. Akaipaka krimu, akaipamba kwa maua madogo meupe themanini, kama anavyoyatengeneza siku zote, mikono ikienda yenyewe huku yeye akimshukuru Mungu.

Jumapili, sebuleni kwa akina Sheetal, watu waliimba. Bibi mwenyewe, Kanta, mwembamba ndani ya sari ya kijani, alitulia kitini. Sheetal akakata kipande chenye ua juu yake, akakiinua kumlisha mama mkwe. Mgeni mmoja akamuuliza Ngendo hayo maua yametengenezwa na nini. Ngendo akafungua kinywa ajibu: ni sukari na ule unga mweupe wa mkebe. Unga wa mkebe! Ambao si kitu kingine ila ute wa mayai uliokaushwa.

"Shosho, usile!"

Wimbo ukakatika. Kanta, aliyekuwa tayari amefungua kinywa, akakifunga.

Ngendo angeweza kusema ameona unywele. Uongo huo ulimjia upesi, akauacha.

"Iko na yai," akasema. "Si keki, ni maua. Huo unga natumia kila siku, sikukumbuka ni yai. Nisamehe, shosho."

Aibu ilimchoma masikio. Sheetal akashusha kipande polepole, asimwangalie.

Kanta akakichukua kile kipande, akakiweka kwenye sahani, akamsukumia Ngendo, na kugonga kiti kilichokuwa karibu naye. "Keti hapa. Kula, mimi nione."

Ngendo akaketi. Hakujua kama anaadhibiwa au anakaribishwa, na hakukuwa na wa kumuuliza. Akala, machozi yakimtoka, sebule nzima ikimtazama.

"Tamu?" Kanta akauliza.

"Tamu, shosho."

"Haya. Jumapili ingine lete ya mimi," yule bibi akasema, akimfuta krimu kidevuni kwa ncha ya sari. "Na wewe ndiyo utanilisha."