Kisahani cha Mama Sampuli

Hospitalini walimpa jina la Mama Sampuli, na alilistahili. Kwa miaka thelathini aliyowapikia wagonjwa, hakuna sufuria iliyotoka jikoni kwake kabla hajachota kidogo, akafunika kwenye kisahani, akabandika karatasi yenye tarehe na saa, akakiweka kwenye friji siku mbili. Wagonjwa wakiharisha, kisahani kinapelekwa maabara na mkosaji anajulikana. Alistaafu, lakini mazoea hayastaafu. Hata uji anaokunywa peke yake asubuhi aliuchotea sampuli, na majirani walimcheka mpaka wakachoka.

Sasa nyumba aliyopanga ilikuwa inabomolewa mwisho wa mwezi, naye mtoto anaye mmoja tu. Kwa mwanawe kulikuwa na chumba cha uani, kitupu. Alipomwomba, yule bwana alijikuna kichwa.

"Mimi sina neno, mama. Shida ni mkweo. Unajua yeye hali chochote cha mnyama, na jiko lake halichezewi. Njoo Jumamosi umpikie. Akiridhika, unahamia."

Mkwe alikuwa daktari wa mifugo. Mwaka wa sita huo hajagusa nyama, maziwa wala yai. Alisema hawezi kumtibu mgonjwa asubuhi akamla jioni. Mama Sampuli aliuona huo ni wazimu wa walioshiba, ila mwenye shida ya chumba hana mdomo mrefu. Wiki nzima alijifunza kupika spageti za Kiitaliano zisizo na mnyama. Taabu yake ilikuwa moja: mikono yake ilizoea kuwachemshia wasio na meno, kila kitu mpaka kirojeke. Mara mbili alitoa uji mtupu. Mara ya tatu zilitoka zikiwa na ukakamavu wake, na aliruka jikoni kama msichana.

Jumamosi alivaa miwani akaisoma pakiti ya spageti mara mbili, asije akakuta yai. Alikaanga vitunguu saumu kwa mafuta ya zeituni, akatia nyanya zilizoiva na biringani, akachanachana majani ya mrehani kwa vidole. Siagi ya mwanawe ilikuwa kwenye mlango wa friji, katika mkebe wake, na hakuisogelea hata kwa jicho. Sosi ilipokuwa tayari alichota sampuli, akaandika saa kumi na mbili na nusu, akaificha nyuma ya mboga. Kisha akaenda kunawa uso na kubadilisha kilemba, maana mtu haombi chumba akinuka vitunguu.

Mezani, mkwe alikula kijiko cha kwanza akatabasamu. Cha pili akasita. Cha tatu akakitema kwenye kiganja, akakimbilia bafuni, na wote wakamsikia anavyotapika. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Siagi, mama! Nyumbani kwangu!"

"Haki ya Mungu, mwanangu, sijatia."

"Nilishakutandikia kitanda! Nilimwambia mwanao toka Jumatatu, mama aje tu, kupika kwa nini? Nilitaka uje. Lakini mtu wa kunidanganya sahanini simwezi."

Akaingia chumbani na kufunga mlango.

Toka Jumatatu. Mama Sampuli alibeba sufuria kurudi jikoni. Alionja sosi, na siagi ilikuwemo, ya kutosha kupaka mkate mzima. Akafungua friji, akatoa kisahani chake, akaonja. Nyanya, mrehani, mafuta ya zeituni, basi. Mkebe wa siagi ulikuwa nusu, na kijiko kichafu kiko ndani ya sinki. Alipogeuka, mwanawe alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni wewe," alisema mama.

Hakukana. Hata aibu hakuwa nayo, alikuwa amechoka tu.

"Mimi ningekukatalia, watu wangenisema. Akikataa yeye, ni mambo ya wakwe, yanaeleweka." Alizungumza taratibu, mke asisikie. "Umenilea kwa vipimo, mama. Maji ya kuoga kwa vipimo, sabuni kwa vipimo, hata kucheka ulinipimia. Ukishaingia hapa hutoki. Siwezi kuanza upya."

Maneno hayo yalimuuma mama, tena yalimuuma zaidi kwa kuwa hayakuwa uongo mtupu. Lakini mkononi alishika kisahani, chenye tarehe na saa, na mlango wa mkwe ulikuwa hatua kumi tu. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu, sampuli ilikuwa na kazi.

"Nipishe," alisema.

Mwanawe hakumpisha. Alimpokonya kisahani bila nguvu yoyote, kama anavyopokonywa mtoto kisu, akabandua karatasi, akaifinyanga. Kisha akala kwa vidole, palepale, amesimama, mpaka akaramba mafuta ya mwisho. Mama alimtazama anavyotafuna.

"Tamu kweli, mama," alisema, akijifuta mdomo. "Nikuitie teksi?"