Kujipulizia Tarumbeta

Hadi leo nikinusa majani ya kabichi yaliyolowa, miguu huanza kuniwasha. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi moja ya enzi za Ujamaa, sokoni Mwembesongo. Nilikuwa binti wa miaka kumi na minne, shule nimeshaiacha. Wanawake wa Uluguru walikuwa wamemaliza kuuza mboga, wanarudi milimani na matenga matupu. Nikataka kujua kabichi zinatoka wapi. Msinicheke, ni hilo tu. Nikawafuata bila kuaga.

Tulipanda mpaka jua likageuka. Kila kona nilijiambia nitarudi, na kila kona ilinionyesha nyingine mbele. Tulifika kijijini ukungu umeshashuka. Mama Veneranda, niliyekuwa nyuma yake njia nzima, akasema hawezi kumlaza mgeni ambaye mjumbe wa nyumba kumi hajamkubali. Siku hizo asiyejulikana aliitwa mzururaji, akarudishwa alikotoka.

Mjumbe, tuliyemkuta na daftari la wageni mapajani, alikuwa mzee aliyewahi kumpikia bwana shamba Mwingereza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa nani?"

"Sijaja kwa mtu."

"Mama yako ukoo gani?"

"Mama si wa huku."

Huko mtu huhesabiwa kwa ukoo wa mama; akafunga daftari. Hapo nikaingiwa na hofu, maneno yakanitoka mfululizo: nalima kuliko kaka zangu, nasoma barua bila kukwama, maji nabeba ndoo mbili kwa safari moja.

Mama Veneranda akaguna. "Chema chajiuza, mwanangu. Kibaya ndicho kinachojitembeza."

Mzee akacheka taratibu. "Bwana wangu angesema huyu anajipulizia tarumbeta. Nilimuuliza maana yake. Akaniambia kwao zamani mkubwa akiingia mjini alitanguliwa na mpiga tarumbeta, watu wajue anakuja nani. Asiye na mpigaji, basi, ajipulizie mwenyewe."

Nikainamisha kichwa. Nilijua nimetukanwa kwa lugha mbili.

Mzee akafungua tena daftari. "Huyu binti namfahamu," akamwambia Mama Veneranda huku akiandika. "Mpe mkeka."

Nililala jikoni, karibu na mafiga, nikidhani mzee macho yamechoka, kanifananisha na mtu. Nimehama miji mingi tangu hapo, kila mlango nikijinadi upya, ndipo nikaelewa. Anayejipulizia mara nyingi si majivuno yanayomsumbua, hana mtu. Na jioni ile, kwa uongo wa neno moja, mzee alikuwa amenipulizia yeye.