Kipa Kwenye Kiti cha Baba

Leo nimempeleka mwanangu kwa kinyozi, na harufu ya spiriti ikanirudisha utotoni.

Msimu wa kandanda ulikuwa umekwisha, na kibanda cha kunyolea cha baba, pale mtaani Greyville, ugenini, kilijaa wale wajeuri wa kamati ya timu yetu ya Wakongomani. Baba mdogo, kipa wao, alikuwa kitini, nusu ya kichwa imeshanyolewa, nao wakimjadili kama hayupo.

"Kule mutaa wa Jacobs iko kijana anaruka kama paka. Tumulete, huyu aende kwao."

"Magoti ya huyu imeisha."

"Siku ya kombe, nani alinibeba mabegani?" akafoka baba mdogo. "Si ninyi?"

Wakamgeukia baba, mwanzilishi wa timu. "Sema, mzee. Ao utamubeba kwa kuwa ni damu yako?"

Baba hakuzima hata mashine. "Muchukue kijana. Huyu amechoka."

Baba mdogo akavua shuka, akatoka vilevile, akasimama kwenye robot, taa za barabarani, kusubiri kuvuka, upande nywele, upande upara. Kamati ikaangua kicheko. Mimi pia nilicheka.

Baba hakucheka. Aliipangusa mashine kwa spiriti, akaipangusa tena, na tena.