Sombe ya Wakombozi

Nianze na ujinga wangu: nilijifanya nimekufa. Leo mimi na wenzangu tukitoka masomo tumepita penye mama mmoja anayepika sombe, yale majani ya muhogo, kando ya barabara, na harufu ya mawese ya moto imenifanya nivuke barabara mbio, mimi ninayecheka hata kwenye matanga.

Wakati ule wa vita, askari wa nchi jirani walikaa katika nyumba ya mawe meusi ambamo zamani babu alimpikia Mubelgiji. Walisema wamekuja kutukomboa. Mama ndiye aliyewapikia, na kwa kuwa Goma kila mutu anaogopa sumu, mtoto wa mpishi alionja kwanza. Mtoto ni mimi.

Siku moja nilimeza tonge lenye sombe, nikashika tumbo, nikaanguka, nikatoa ulimi kama mbuzi wa sikukuu.

Nikasikia bunduki zikikokiwa. Nilipofumbua jicho moja, zote zilikuwa zimemwelekea mama.

“Mama, umetupikia nini?” mkubwa wao akauliza, polepole.

“Ni mchezo, shefu! Ni mchezo tu!” nikaruka juu.

Hakuna aliyecheka. Mkubwa akanisogezea sufuria. “Basi maliza.”

Nilikula mpaka mafuta yakanitiririka shingoni, nao wakinitazama. Kisha wakatoka nje na njaa yao.

Mama hakunipiga. Alinipangusa kidevu kwa kitenge chake, akasema: “Kesho watataka kula tena. Wewe utabaki nyumbani. Nitaonja mimi.”