Lango Fupi la Tembe

Harufu ya udongo mbichi uliochanganywa na samadi hunirudisha kwenye tembe la bibi, nyumba ya udongo iliyolizunguka zizi kama ukuta, yenye lango moja fupi.

Siku moja mjomba alileta kochi, likagoma kupita. Akachukua shoka avunje lango. Bibi akaingia ndani, akamwita, "Hebu pita kwanza wewe."

Mjomba akainama, akatanguliza kichwa. Bibi akamgonga shingoni kwa mwiko.

"Umekufa! Babu zako waliwapokea hivyo wezi wa ng'ombe."

"Mama, siku hizi wavamizi hawapo!"

"Na shoka hilo la nani?"

Sisi wajukuu tulicheka, naye mjomba akacheka. Lango likabaki. Mjomba akakalia kochi lake hapo nje, akiitikia shikamoo za wapita njia kama mwenyekiti wa kijiji.